Nduru Iliyoandikwa: Kusoma Umbo la Wito wa Moto Kimilili

"MOTO. Kamukuywa, nyuma ya soko, upande wa mtoni. Duka la mbao, paa la mabati. Mtungi wa gesi umo ndani. Watu wote wametoka. Stima haijakatwa. Piteni njia ya kanisani, ya mbele imejaa watu. Saa 2:40 usiku."

Ujumbe huu nimeutunga mimi. Hakuna duka lililoungua ndani yake wala mtu aliyepata hasara. Nimefuata mtindo wa jumbe zinazoingia usiku kwenye makundi ya WhatsApp ya miji yetu ya magharibi mwa Kenya, kutoka Bungoma hadi Kitale, makundi ambamo mwendesha bodaboda, fundi wa kuchomelea vyuma, mwalimu wa shule ya msingi na mama muuza mboga wamo pamoja. Hakuna kati yao aliyeajiriwa kuzima moto. Lakini moto ukitokea, mara nyingi ndio wanaotangulia kufika, na kufika kwao ndiko kunakoamua kama utakula duka moja au safu nzima ya maduka.

Tumezoea kuhakiki shairi, tamthilia na riwaya. Ujumbe wa moto tunausoma tukikimbia, na asubuhi tunaufuta ili simu ipate nafasi. Nataka tuusome tukiwa tumekaa, kwa makini yaleyale tunayoupa ubeti wa tarbia: neno gani limetangulia, kitenzi kiko katika wakati gani, nani anazungumza, kipi kimeachwa na kwa nini. Sababu yangu ni ya kazi kabisa. Anayejitolea kuzima moto hujiandaa kwa maneno. Kati ya simu kulia na yeye kufika kuna dakika chache, na katika dakika hizo hana kingine cha kushika ila alichoandikiwa. Maneno yakiwa na umbo zuri, atafika na ngazi na gunia lililoloweshwa. Yakiwa na umbo baya, atafika mikono mitupu, au atafika kwingine kabisa.

Sauti iliyokuwa anwani

Kimilili imekaa miguuni pa Mlima Elgon. Eneo bunge lake lina wadi nne, Kimilili, Kibingei, Maeni na Kamukuywa, na ukipita humo msimu wa kiangazi utaona kila kitu ambacho moto unakipenda: mabua ya mahindi yaliyokauka, miwa, nyumba zinazogusana kuta, vibanda vya mbao vilivyoezekwa mabati, jikoni zenye kuni upande mmoja na gesi upande wa pili. Bungoma, makao makuu ya kaunti, iko zaidi ya kilomita 30 kutoka hapo. Kitale, ng'ambo katika kaunti ya Trans Nzoia, iko kama kilomita 40. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, ilikabidhi huduma za kuzima moto kwa serikali za kaunti. Hata hivyo gari la zimamoto, litoke lilikotoka, lazima lipite barabarani, na moto hausubiri barabara. Pengo hilo la muda ndilo ambalo jirani hulijaza.

Zamani jirani aliitwa kwa nduru. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na ukiitazama vizuri methali hiyo inakiri upungufu wa mbiu: haisemi ni jambo gani, inasema tu kwamba lipo. Nduru nayo ni hivyo hivyo. Ni sauti karibu isiyo na maneno. Lakini angalia jinsi ilivyobeba mengi bila kuyatamka. Ilibeba upande, kwa sababu sikio hujua sauti inatoka wapi. Ilibeba umbali, kwa kupanda na kufifia kwake. Ilibeba uzito wa jambo, kwa sababu koo la mtu anayeona paa likishika moto halifanani na koo la mtu aliyeona nyoka. Tena ilijisambaza yenyewe: nyumba ya pili iliipokea ikaipigia ya tatu. Nduru haikuhitaji anwani. Sauti yenyewe ilikuwa ndiyo anwani.

Simu ilipokuja ilitupa upana ambao nduru haikuwa nao. Mtu wa Kamukuywa anaweza kumwamsha mtu wa Maeni ambaye asingesikia ukelele wowote. Lakini ilichukua malipo yake kimyakimya: iliitoa sauti mahali pake. Ujumbe unalia kwenye mto wa kitanda kwa mlio uleule, uwe umetumwa na jirani wa ukuta wa pili au na shangazi aliye Nairobi. Tazama sasa ujumbe mwingine, nao nimeutunga kwa mfano wa mingi:

"Jamani huku moto mkubwa sana!!! Mungu tusaidie watu wa Kimilili."

Aliyeandika hivi hakukosa moyo. Amepiga nduru kwa vidole. Maneno yake yote yamefuata kanuni za nduru: "jamani" ni mwito wa kwanza, alama tatu za mshangao ni koo linalopasuka, dua ni pumzi ya mwisho. Na neno "huku" lingekuwa kamili kama lingetamkwa kwa sauti kutoka juu ya kilima, kwa sababu sauti ingelionyeshea kidole. Kwenye kioo cha simu "huku" haielekezi popote. Ni kidole kilichokatwa mkono. Msomaji wa Kibingei anavaa viatu, anafungua mlango, anasimama uani akinusa upepo. Ameambiwa kuna jambo. Hajaambiwa aende wapi.

Hapo ndipo penye tofauti ya umbo kati ya nduru na ujumbe ulioandikwa: kila kitu ambacho sauti ilikisema bila maneno, mwandishi sasa lazima akirudishe kwa maneno. Kwenye ujumbe wa kwanza, sehemu nzima ya mwanzo haina kitenzi hata kimoja. "MOTO" ni nidaa, kisha zinafuata hatua tatu za mahali, kila moja ikiwa nyembamba kuliko iliyotangulia: Kamukuywa, nyuma ya soko, upande wa mtoni. Msomaji aliye mbali anatosheka na ya kwanza na kuanza safari. Aliye karibu anangoja ya tatu. Umbo hilo la faneli linawahudumia wote wawili kwa mstari mmoja.

Kenya ina historia yake katika sanaa hii. Mwaka 2012 chifu wa Lanet Umoja, Nakuru, Francis Kariuki, alisifika hadi nje ya nchi kwa kutumia Twitter kuwaita wananchi wake wakati wa wizi na ajali. Wasiokuwa na intaneti walizipata taarifa zake kama ujumbe mfupi wa simu. Mojawapo ya taarifa zilizosimuliwa sana ilihusu kondoo aliyepotea: ilitaja rangi zake, kahawia na nyeupe, ikataja kamba ya nailoni shingoni mwake, na mwenyewe ikamtaja kwa jina la mtoto wake, kama tunavyoitana vijijini. Kondoo akapatikana. Ione kama mhakiki. Rangi ni za mtu anayemwona kondoo kwa mbali. Kamba ni ya mtu aliyemkaribia na anataka uhakika. "Baba fulani" ni ya mtu ambaye ameshamshika na anataka kujua ampeleke wapi. Ni faneli ileile. Chifu alikuwa akiwaandikia watu walio katika hatua tofauti za kusaidia, na kila mmoja alipata kipande chake.

Silabi za mahali

Lugha yetu ina utajiri wa mahali ambao tunaubeba kila siku bila kuuhesabu: pa, ku na mu. Pale ni mahali panapojulikana. Kule ni upande, eneo, huko huko. Mle ni ndani. Katika mazungumzo ya barazani tofauti hizi zinaweza kulegea bila madhara. Katika wito wa moto silabi moja ni sawa na chumba kizima.

Soma tena: "Mtungi wa gesi umo ndani." Mwandishi angeweza kusema "kuna mtungi wa gesi", na msomaji asingejua kama uko ndani, nje, au kwa jirani. "Umo" imeufungia mtungi ndani ya kuta. Anayekuja sasa anajua kwamba mlango wa duka hilo hausogelewi, kwamba kazi yake ni kulowesha kuta za majirani na kuwarudisha watu nyuma. Na lau ujumbe ungesema "watoto wamo", silabi hiyohiyo ingembeba kinyume chake, ingempeleka mlangoni. "Hamna mtu" na "hakuna mtu" huku kwetu tunazibadilishana kama sarafu za thamani moja, ilhali ya kwanza inasema ndani hamna, na ya pili inasema eneo lote halina. Mtu akiandika "hamna mtu" kwa maana halisi, amemkataza mwenzake kuingia kwenye moshi bila sababu. Kwa kuwa si wote tunaozitenganisha, mwandishi mwangalifu huongeza kifungo cha pili, "ndani" au "wote wametoka". Katika shairi urudufu huo ungekuwa mzigo. Hapa ni fundo la pili kwenye kamba ya kisima.

Ni vyema pia kutazama neno "bweni". Likitokea kwenye wito, hubadilisha kila kitu, kwa sababu nchi hii imelilipia neno hilo kwa maisha ya watoto. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Septemba 2024 wengine 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Anayejitolea akisoma "bweni" hachukui ndoo kwanza. Anachukua nyundo na mtaimbo, na anauliza swali moja: mlango upi umefungwa? Ujumbe unaotaja mlango umeshamjibu akiwa bado njiani.

Vitenzi vya moto na saa mbili za simu

Moto katika Kiswahili una ngazi zake. Kitu hufuka moshi, kisha huwaka, kisha huungua, mwisho huteketea. Anayeandika "linafuka" anaomba watu wachache wenye akili tulivu. Anayeandika "linateketea" amesalimisha duka na anaomba watu waokoe la jirani. Na juu ya ngazi hiyo kuna viambishi vya wakati. "Linaungua" na "limeungua" vinatofautiana kwa silabi moja. Kwa cha kwanza unakimbia na ndoo. Kwa cha pili unakwenda na blanketi na unga, kuwapa pole waliobaki bila kitu. Nimeona watu wazima wakiichanganya -na- na -me- katika mazungumzo na maana ikaeleweka tu. Kwenye wito wa moto kuchanganya huko kunamchosha mtu bure au kunamlaza aliyetakiwa kuamka.

Kiambishi kinachonivutia zaidi katika ujumbe wetu ni -ja-. "Stima haijakatwa." Angesema "stima haikukatwa", lingekuwa lawama juu ya jana. Akisema "stima haikatwi", ni manung'uniko. "Haijakatwa" ni kazi iliyoachwa wazi, inayomngoja mwenye uwezo. Katika kundi la watu mia mbili yupo mmoja anayejua swichi kuu ya jengo hilo iko wapi, au mwenye namba ya kampuni ya umeme. Silabi hiyo inamwita bila kumtaja jina. Hadi atakapoitikia, wengine wote wameonywa wasimwage maji penye nyaya.

Upatanisho wa ngeli nao ungetusaidia kama tungeuacha. Kwa Kiswahili sanifu, kiambishi cha mwanzo peke yake hukunong'oneza ni nini kinachoungua. "Linaungua": ni duka, ghala, gari au bweni. "Unaungua": ni msitu, au mlima wenyewe. "Yanawaka": ni mafuta, na hapo maji ya ndoo ni adui. Lakini bara tunasema "duka inaungua", "gari inaungua", "mafuta inawaka", na i- moja imebeba vyote. Hii ndiyo lugha hai ya Kimilili na Kitale, ya watu wanaotoka Lubukusu, Kitachoni na Kisabaoti wakakutana sokoni kwa Kiswahili, na simkosoi yeyote kwa kuisema usiku wa manane. Natoa funzo la umbo tu: pale ambapo kiambishi hakisemi tena, jina la kitu lisiachwe. Mwandishi wa "Duka la mbao, paa la mabati" amefanya hivyo. Mbao zinasema moto utakwenda kasi. Mabati yanasema usipande juu, na jihadhari na karatasi za chuma zinazoanguka zikiwa nyekundu.

Kisha saa. "Saa 2:40 usiku." Simu juu yake imeandika 20:40. Tunaishi na saa mbili, ya Kiswahili inayoanza kuhesabu alfajiri na jioni, na ya simu inayoanza katikati ya usiku, na kati yake kuna saa sita. Anayeandika "saa 8 usiku" amemaanisha usiku wa manane, lakini kijana aliyezoea saa ya simu anaweza kuona saa mbili za jioni. Kama ujumbe umefika ukiwa mpya, hakuna hasara. Kama umepitishwa kutoka kundi hadi kundi, saa iliyoandikwa ndani yake ndiyo pekee inayosema ulizaliwa lini. Ndiyo maana naitetea saa hiyo ya mwisho ingawa inaonekana kama marudio. Ni cheti cha kuzaliwa cha habari.

Njooni, msikaribie

Nduru ilijua kitenzi kimoja tu: njooni. Ujumbe ulioandikwa unaweza kusema na kinyume chake, na wakati mwingine kinyume chake ndicho kinachookoa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019 jambo lilelile likatokea Msamvu, Morogoro, na tena waliokufa walizidi 100. Barabara kuu ya kwenda Malaba inapita Webuye na Bungoma, na malori ya mafuta yaendayo Uganda hupita humo usiku na mchana. Watu wa huku wanajua ninachosema.

Fikiria ujumbe unaosema tu, "Lori la mafuta limeanguka karibu na Webuye." Sentensi hii ni sahihi kisarufi na ni kweli, lakini kimaana ni mwaliko. Haina amri, kwa hiyo msomaji anajitungia yake, na umaskini ndio unaomtungia: beba mtungi. Ujumbe wenye umbo unaanza na kikatazo, "MSIKARIBIE. Lori la mafuta limeanguka", ili hata aliyesoma neno moja kwenye kioo kilichofungwa awe amesoma neno linalofaa. Simu huonyesha maneno machache tu ya mwanzo kabla ya kufunguliwa. Mtunzi wa shairi huweka uzito kwenye kituo cha ubeti. Mtunzi wa wito auweke kwenye neno la kwanza.

Vikosi vya dharura vya Uingereza vimefundishwa kutoa taarifa ya tukio kubwa kwa mpangilio maalumu: mahali hasa, aina ya tukio, hatari zilizopo, njia ya kufikia, idadi ya walioathirika, vikosi vilivyopo na vinavyohitajika. Rudi kwenye ujumbe wa Kamukuywa uone: mahali, aina, hatari, watu, njia. Sikuutunga kwa kuiga orodha hiyo. Mpangilio huo hujileta kwa yeyote anayejiuliza, kabla ya kuandika, anayekuja atahitaji nini kwanza.

Kiitikio

Mpaka hapa nimesoma kama kwamba wito ni kazi ya mtu mmoja. Lakini nduru haikuwa na msanii mmoja, na hapo ndipo umbo lake lilipokuwa zuri kuliko letu. Nduru iliitikiwa. Aliyepiga alisikia wengine wakipokea, akajua hayuko peke yake, na aliyelala akijifanya hakusikia aliulizwa kesho yake kisimani.

Kwenye WhatsApp kuna alama mbili za samawati, zilizokuja mwaka 2014, zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Kusoma si kuitikia. Watu sitini wakisoma na wakanyamaza, mwandishi anaona macho sitini na hana mkono hata mmoja. Kibaya zaidi, kila mmoja wa sitini anadhani wa pili ameshaondoka. Kwa hiyo anayejisomea ili ajiandae hasomi wito peke yake. Anasoma majibu yanayoufuata, na majibu mazuri yana umbo lao: "Naja na ngazi kutoka Maeni." "Nina pikipiki, nabeba watu wawili." "Niko hapa, maji ya kisima cha kanisani yanatosha." Kila jibu lina nafsi ya kwanza, na linataja kitu cha kufanyia kazi. Ukiyasoma kwa mfululizo unajua kilichopo na kilichokosekana, na unabeba kilichokosekana. Hivyo ndivyo watu wasio na kamanda wanavyogawana kazi.

Kisha yanaingia majibu ya aina ya pili: "Poleni sana." "Mungu awe nanyi." "Aki pole." Moja, mbili, arobaini. Hapa nasema kwa upole, kwa sababu pole ni miongoni mwa maneno bora tuliyo nayo, na ninalipenda. Adabu yetu inatutuma tumpe pole aliyefikwa kabla ya kumuuliza lolote. Lakini pole arobaini huusukuma ujumbe wenye anwani juu, nje ya kioo, na mtu anayeingia dakika ya sita hukutana na msiba bila kukutana na mahali. Wabukusu wana sanaa ya khuswala kumuse, ambapo baada ya mazishi mzee mwenye kipaji husimama mbele ya waombolezaji na kuzungumza kwa urefu, akiipitia historia ya ukoo na kuwapa walio hai mwelekeo. Hapo maneno mengi ni dawa. Jamii iliyoliwekea neno refu wakati wake maalumu inaelewa kwamba na neno fupi lina wakati wake. Pole iwekwe asubuhi, itolewe kikamilifu, na itolewe kwa mikono pia.

Tena si kila mtu ana bando. Simu ya mama aliye karibu zaidi na moto inaweza kuwa haina intaneti kabisa. Kwa hiyo aliyeupata ujumbe ana jukumu moja la zamani kabla ya kuondoka: kufungua mlango na kuugeuza tena kuwa nduru. Mnyororo mzuri huanza na sauti, ukapita kwenye maandishi kuvuka vilima, ukarudi kuwa sauti mlangoni pa jirani.

Jicho lisilo na koo

Kuna wito mwingine unaowafikia wanaolinda msitu, nao una umbo la ajabu. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina mfumo uitwao FIRMS ambao yeyote anaweza kujiandikisha bila malipo apate barua pepe joto la moto linapoonekana na setilaiti katika eneo alilochagua. Taarifa hupatikana takriban saa tatu baada ya setilaiti kupita. Ndani yake mna latitudo, longitudo, tarehe, saa na kiwango cha uhakika. Chombo kimoja huona kwa vipande vya kilomita 1, kingine kwa vipande vya mita 375.

Huu ni ujumbe usio na nafsi. Hauna "jamani", hauna "huku". Mahali pake ni pa uhakika kuliko "nyuma ya soko", na hapohapo haujui lolote: hauwezi kutenganisha mkulima anayechoma mabua yake na moto unaopanda nyika za juu za Elgon. Mita 375 ni shamba, zizi na kijito pamoja. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inazipa jumuiya zinazopakana na misitu nafasi ya kushiriki katika kuilinda, na mtu wa jumuiya ndiye anayeweza kuukamilisha ujumbe huo. Anazisoma namba, anatazama mlima, anajua ni upande wa nani, anapiga simu. Kisha anaandika kwa Kiswahili kile ambacho jicho la angani halikuweza kuandika: unapanda au unashuka, upepo unatoka wapi, njia ipi inapitika, bebeni mapanga na majembe ya kufyekea ukanda, msibebe ndoo. Oktoba 2020, Kilimanjaro ilipowaka, mamia ya watu walipanda kusaidia, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Kwenye miinuko kama hiyo, kilichobebwa mgongoni kimeamuliwa na maneno yaliyosomwa chini.

Ama kuhusu wito wa uongo, neno "wazimamoto" lenyewe linatuonya. Wakati wa ukoloni, katika Afrika Mashariki ulienea uvumi kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliuchambua uvumi huo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Watu walioitwa waokoaji waliogopwa kuliko moto. Uvumi ule ulikuwa na umbo ambalo bado tunalijua: hauna saa, hauna shahidi, mahali pake ni "kule mjini", na msimulizi wake ni "wanasema". Ukipokea wito wenye sifa hizo nne na alama ya kupitishwa mara nyingi, muulize aliyekutumia swali moja: umeuona wewe? Wito wa kweli una mtu nyuma yake anayeweza kujibu "ndiyo, nimesimama hapa".

Kituo

Umebaki mstari mmoja, nao ndio unaosahaulika sana. Moto wa duka umezimwa saa nne za usiku. Waliokuwepo wamechoka, nguo zimelowa, wanapeana mikono, wanakwenda nyumbani. Hakuna anayeandika. Wito umebaki wazi kama ubeti uliokatwa kabla ya kituo chake, mshata unaoning'inia kwenye simu mia mbili. Saa sita za usiku kuna mtu Kibingei ambaye bado amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, tochi kando, akingoja kuitwa. Kesho kundi likilia hataamka haraka hivyo, kwa sababu lilimwacha macho bure.

Mstari huo wa mwisho una chaguo la kisarufi ambalo nalipenda. Unaweza kuandika "moto umezimika", kana kwamba ulichoka wenyewe. Au unaweza kuandika "moto umezimwa". Kauli ya kutendwa haimtaji mtu yeyote, lakini inakiri kwamba kulikuwa na mikono. Ya mwenye ngazi wa Maeni, ya aliyekata stima, ya mama aliyefungua kisima. Hakuna hata mmoja wao atakayelipwa. Silabi hiyo moja, -wa, ndiyo shukrani yao.

Kwa hiyo ujumbe wa Kamukuywa niliouanzisha juu ya ukurasa huu haujakamilika, na nisingependa kuuacha hivyo. Unamalizika hivi: "Moto umezimwa, saa 4:15 usiku. Duka moja limeungua. Watu wote salama. Rudini mkalale."